Discovery 3 dizeli ya 2007, kilomita 210,000: nikague nini kabla sijalipa?

Kihamba_Juu (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna Discovery 3 ya mwaka 2007 inauzwa hapa Moshi, injini ya dizeli 2.7 V6, gia otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 210,000. Muuzaji anataka milioni 28, anasema bei inazungumzika. Matumizi yangu ni kushuka Machame hadi mjini kila siku, Arusha mara mbili kwa wiki, na shambani Sanya Juu, mvua inyeshe isinyeshe.

Nimeiendesha nusu saa. Ikilala usiku kucha, asubuhi nyuma kushoto imekaa chini kama vidole vitatu kuliko kulia. Ukiwasha inapanda, ila kompresa inanguruma muda mrefu. Ikikaribia kusimama inashtua kidogo, kama mtu kaisukuma kwa nyuma. Mara moja ulitokea ujumbe wa hitilafu ya HDC (mfumo wa kushuka mteremko taratibu) pamoja na wa sasipensheni, nikazima, nikawasha, ukapotea. Mbele inagonga kwenye mashimo. Taiming belti naambiwa ilishabadilishwa, risiti hakuna.

Naomba kujua kipi hapo ni kikubwa na kipi ni kidogo. Na kuimiliki kwa mwaka mzima kunataka nini, mbali na bei ya kununulia?

---

Spana_Njiro (Arusha)

Mkuu, hayo uliyoyaona yote yana tiba. La kuogopa ni lile lisiloonekana, yaani belti isiyo na risiti. Anza hapo, maana hapo ndipo injini nzima inaweza kwenda kwa sekunde moja.

Injini hii ina belti mbili. Ya mbele inazungusha kemshafti, zile shafti zinazofungua valvu. Ya pili, fupi, iko nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, nayo inazungusha pampu ya dizeli ya presha kubwa. Ya nyuma ikikatika gari linazima tu. Ya mbele ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Mafundi wengi hubadilisha ya mbele na kuiacha ya nyuma kwa sababu kuifikia ni kazi ya kujikunja, na kuna wamiliki wasiojua kwamba ipo. Kwa hiyo mtu akikwambia "belti ilibadilishwa", muulize: ipi?

Kiwanda kiliweka maili 105,000 au miaka 7, chochote kitakachotangulia. Kwa gari la 2007 hesabu ya miaka ndiyo inayokubana: belti ya kwanza ilitakiwa kutoka 2014, ya pili 2021. Mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama. Bila risiti yenye tarehe na kilomita, chukulia haijaguswa, na gharama yake uitoe kwenye bei unayopatana.

Sasa sikiliza jambo ambalo limeua injini nyingi za aina hii zikiwa na belti mpya kabisa. Tenshena (kikaza belti) ya belti ya mbele imefungwa kwenye sikio la chuma lililotoka kwenye bodi ya pampu ya oili. Kwenye injini za miaka ya mwanzo sikio hilo lilikuwa jembamba, likapata ufa na kukatika. Likikatika, tenshena inalegea, belti inaruka meno, matokeo ni yaleyale ya belti kukatika. Baadaye ilitoka pampu iliyoimarishwa pale kwenye sikio. Kwa kuwa pampu iko nyuma ya belti, kazi ya kuifikia ni ileile moja. Badilisha vyote kwa pamoja: belti ya mbele, tenshena, aidla, pampu ya oili ya toleo jipya ikija na sili yake ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kisha belti ya nyuma na tenshena yake. Ukigawa kazi hii mara mbili utalipa ufundi mara mbili.

Fundi atakayefanya awe na vyuma vya kufungia krenki na kemshafti. Akikwambia atapiga alama kwa rangi na kurudisha kwa jicho, mshukuru uondoke. Jino moja tu likikosewa, injini hii haikusamehe.

Kingine cha kuangalia kabla ya kulipa ni beringi za krenki. Udhaifu wa injini hizi unajulikana: beringi zikikosa oili safi zinazunguka kwenye nyumba zake, krenki inakufa. Omba ruhusa ya kufungua kifuniko cha filta ya oili. Kiko juu ya injini, hakihitaji jeki. Toa filta ya karatasi, kata kipande kwa kisu, kamua, kisha tandaza mikunjo yake juani. Masizi meusi ni kawaida ya dizeli. Ukiona chembe zinazometameta, rangi ya fedha au ya shaba, usiendelee hata kuzungumza bei.

Oili ni 5W-30 yenye kiwango cha Ford WSS-M2C913 kilichoandikwa kwenye galoni, kama lita 5 na nusu ukibadilisha na filta. Kiwanda kiliruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kati ya sevisi na sevisi. Kwa vumbi letu na safari fupi za kupanda mlima, hiyo isahau. Fanya kila kilomita 5,000.

---

Mzee_wa_Sanya (Moshi)

Hapo kwenye 5,000 sikubaliani sana. Oili sahihi, filta nzuri na kichujio cha hewa kisafi vinakufikisha 7,500 bila shida. Kinachoharibu beringi ni oili ya kubahatisha, 15W-40 ya lori kwa mfano, na kuendesha kwa nguvu injini ikiwa bado baridi. Asubuhi ya Machame ni baridi kweli. Ukitoka nyumbani tembea taratibu mpaka mshale wa joto ufike katikati, halafu mpe dakika nyingine kumi, maana oili hupata moto baada ya maji.

Mengine yote ya Spana yashike kama yalivyo.

Sasa sasipensheni. Gari hili linabebwa na maputo ya mpira yaliyojazwa upepo na kompresa badala ya springi. Watu hukimbilia kununua kompresa kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Kompresa ikinguruma muda mrefu inakueleza kwamba upepo unavuja mahali. Inajaza, upepo unatoka, inajaza tena, inapata moto, ringi ya pistoni inaisha, mwisho inakufa. Ukifunga mpya bila kuziba uvujaji, nayo itafuata njia hiyohiyo.

Uvujaji unapimwa hivi. Jioni egesha kwenye sakafu tambarare, pandisha gari urefu wa juu kabisa, lile la njia mbovu. Chukua futi ya chuma, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, andika. Kisha chomoa fyuzi ya kompyuta ya sasipensheni, mchoro wake uko kwenye boksi la fyuzi. Usiiache hiyo fyuzi mahali pake, maana gari hili likiwa limeegeshwa huamka lenyewe baada ya saa kadhaa na kujisawazisha kwa kushusha pembe nyingine zilingane na iliyoshuka. Asubuhi utakuta gari lote liko chini usijue mwizi ni nani. Fyuzi ikiwa nje, pembe inayovuja itashuka peke yake. Asubuhi pima tena. Milimita chache kwa sababu ya baridi ya usiku si kitu. Sentimita tatu ni uvujaji.

Kwa hiyo nyuma kushoto, weka sabuni ya maji kwenye chupa ya kunyunyizia, gari likiwa limenyanyuka na limewekewa stendi imara chini ya chasisi. Hili narudia kwa herufi kubwa: USIINGIE CHINI YA GARI LILILOSHIKILIWA NA UPEPO AU JEKI PEKE YAKE. Hili gari lina uzito wa karibu tani 2 na nusu, na upepo ukitoka linashuka bila kukuuliza. Nyunyizia kwanza kwenye mkunjo wa puto, pale mpira unapojikunja juu ya pistoni yake. Vumbi hukaa mle likasaga mpira kama msasa. Ukiona mapovu madogo madogo yanatoka kama mate kwenye mstari, puto limekwisha. Hakuna gundi wala kiraka, ni kubadilisha, na badilisha kushoto na kulia kwa umri mmoja. Mkunjo ukiwa mkavu, nyunyizia kiungio cha mpira wa upepo juu ya puto. Ikiwa uvujaji ni hapo tu una bahati: unachomoa mpira, unakata sentimita moja ya ncha iliyochakaa kwa wembe, kata ya wima iliyonyooka, unarudisha na kiungio kipya.

Puto na kiungio vikiwa vizima, mtuhumiwa ni bloku ya valvu. Ziko tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya tangi la akiba. Hapa ndipo mtaona unga mweupe. Kompresa ina kikausha upepo ndani yake, chembechembe za kunyonya unyevu. Zikizeeka zinasagika kuwa unga, unga unasafiri kwenye mipira na kukaa kwenye viti vya valvu, valvu haifungi sawasawa. Ukifungua kiungio cha kompresa na kidole kikatoka cheupe kama umeshika chaki, ujue kikausha kimekwisha, na bloku zinahitaji kusafishwa kabla ya kompresa mpya kufungwa.

Kompresa yenyewe iko nje ya chasisi upande wa kushoto, mbele ya tairi la nyuma, ndani ya kifuniko. Iliyokuja na gari ni Hitachi. Siku hizi hufungwa AMK, ambayo ni tulivu zaidi, lakini inataka kompyuta ya gari iambiwe kwamba kompresa imebadilika. Asiye na mashine ya kuandika programu hiyo asikuuzie AMK. Na ukibadilisha kompresa badilisha na rilei yake, ni kitu kidogo. Rilei ya zamani huganda ikiwa imewasha, kompresa inazunguka mpaka inaungua.

Sensa za urefu nazo ziko nne, moja kila pembe. Maji yakiingia zinatuma namba za uongo, gari linainama upande mmoja wakati upepo uko mzima. Mashine itakuonyesha sensa ipi inarukaruka. Ukibadilisha, urefu lazima upangwe upya kwa mashine.

---

Waya_na_Fyuzi (Arusha)

Naongezea kwenye ule ujumbe wa HDC, maana ndio unaowatoa watu pesa nyingi bure.

HDC na sasipensheni vikilalamika kwa pamoja halafu vikapotea ukizima na kuwasha, jambo la kwanza ni swichi ya taa za breki, ile ndogo juu ya pedali. Ndani yake kuna mawasiliano mawili, na kompyuta kadhaa zinayasoma: ya breki, ya gia, ya sasipensheni. Swichi ikichakaa moja inasema breki imekanyagwa, nyingine inasema bado. Kompyuta hazielewani, kila moja inajitoa kazini na kuandika hitilafu yake. Mtu anauziwa kompyuta ya breki (ABS) wakati dawa ni swichi inayobadilishwa kwa dakika kumi. Nunua ya uhakika, si ya mtumba.

Jambo la pili ni betri. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.5 kwenda juu ni salama. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10. Ikizunguka, altaneta (inayochaji betri) ilete kati ya 13.8 na 14.7. Betri dhaifu kwenye gari hili haikuzimii tu, inazalisha hitilafu za uongo kwenye gia, breki ya mkono na sasipensheni kwa wakati mmoja. Altaneta imekaa chini, tope la masika linaifikia. Ukivuka maji machafu, ioshe kwa maji mepesi bila presha.

Mashine ya kupimia iwe inayoongea Land Rover. Kile kidude cha elfu ishirini kinachoungana na simu kinasoma injini peke yake, sasipensheni na breki ya mkono hakivioni. Gari likipimwa nacho likaonekana "safi", hujapima kitu.

---

Kihamba_Juu

Shikamoo Mzee wa Sanya, na asanteni wote. Kumbe nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya kompresa Nairobi.

Bado nina mawili. Ule mshtuko wa gia wakati wa kusimama ni giaboksi inakufa? Na kuna mtu kanishauri nitoe upepo wote niweke springi za chuma, nimalizane nao. Mnasemaje?

---

Otomatiki_Tu (Arusha)

Giaboksi yako ni ZF 6HP26, ya gia sita, chuma kizuri ikipewa oili. Mshtuko wa kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza ukikaribia kusimama mara nyingi ni oili iliyochoka na sili zilizokauka. Dalili mbaya zaidi ni mtetemo ukiwa kwenye spidi ya 60 hadi 80 na mguu mwepesi, kama unapita juu ya mahindi yaliyoanikwa. Hiyo ni tokyu konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Ijaribu barabara ya Bomang'ombe, pale palipo tambarare. Kama mtetemo haupo, una nafasi nzuri.

Land Rover waliandika kwamba oili hii ni ya maisha. ZF wenyewe, waliotengeneza giaboksi, wanataka ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa 210,000 ilitakiwa iwe imeshabadilishwa mara moja hadi mbili.

Sampu (karai la oili chini ya giaboksi) ni ya plastiki na filta imejengwa humo humo, kwa hiyo sampu na filta ni kitu kimoja. Plastiki ikipata moto miaka mingi inapinda, inavuja pembeni. Wengi huweka sampu ya chuma yenye filta inayojitegemea, na ndivyo ningefanya, kwa sababu kutoa ile ya plastiki ni taabu: shingo ya filta ni ndefu na chini yake kuna kizuizi cha chasisi na bomba la ekzosi. Sampu ikiwa chini, badilisha na sili za daraja kati ya bloku ya valvu na bodi ya giaboksi, pamoja na soketi ya plastiki unapoingilia waya. Sili hizo ndogo zikikauka presha inapotea ndani, mshtuko unaanzia hapo.

Utaratibu: fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia. Ikikataa kufunguka ukiwa umeshamwaga, gari halitoki gereji. Zitatoka kama lita 6 hadi 7, nyingine inabaki kwenye konveta. Jaza oili ya ZF Lifeguard 6 au inayolingana nayo kwa maandishi. Dekstroni ya kawaida usiiweke hata kwa dharura, itafanya klachi za ndani ziteleze. Jaza mpaka imwagike, washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote moja moja huku ukihesabu sekunde kadhaa kila gia, rudisha P. Injini ikiwa inazunguka na gari likiwa limelala sawa kabisa, endelea kujaza hadi oili itoke kwa mchirizi mwembamba kwenye tundu, joto la oili likiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Chini ya hapo utajaza zaidi, juu ya hapo utapunguza. Joto hilo linasomwa kwa mashine, mkono haulijui. Mwisho, mashine ifute mazoea ya zamani ya gia ili ijifunze upya. Baada ya kilomita elfu kadhaa rudia kumwaga, oili iliyokuwa kwenye konveta nayo ipungue.

Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya presha kwenye giaboksi ya umri huu. Uchafu uliotulia unaamka na kwenda kukaa kwenye valvu.

---

Loliondo_Express (Arusha)

Springi za chuma zipo kwa seti kamili, na kwa anayekwenda porini wiki nzima bila fundi karibu zina maana yake. Hazivuji na hazishuki usiku. Kwa vumbi la kuanzia Mto wa Mbu kwenda juu, simlaumu mtu akizifunga.

---

Mzee_wa_Sanya

Marahaba Kihamba_Juu.

Loliondo, kwa kazi yako sawa. Kwa huyu, hapana. Gari lilichorwa kwa upepo. Ukitoa, unapoteza kupandisha urefu kwenye tope la Sanya Juu, ukipakia magunia nyuma linakaa chini na taa zinamulika miti, na kompyuta itaendelea kulalamika mpaka ipangwe upya au ifungiwe kifaa cha kuidanganya. Uvujaji wake ni wa pembe moja. Kutibu pembe moja ni rahisi kuliko kubadilisha nne. Na siku ukitaka kuuza, mnunuzi anayelijua gari hili akiona springi anajua kuna hadithi iliyofichwa.

Kugonga kwa mbele ni bushi (mipira ya maungio) za amu za chini, mikono inayoshika tairi kwenye chasisi. Kila amu ina bushi mbili, na upande wa tairi imeungwa na boli jointi. Ziangalie kwa kupitisha mtaimbo kati ya amu na chasisi na kusukuma: mpira ukifunguka mdomo kama samaki, umekwisha. Dalili nyingine ni gari kuvuta upande ukishika breki, na tairi kuliwa upande wa ndani huku nje likionekana jipya. Pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi za mbele, jicho halifiki huko. Boliti za amu hushikamana na kikombe cha chuma cha bushi, mara nyingi lazima zikatwe, kwa hiyo nunua boliti na nati mpya kabla ya kuanza. Mimi naona heri amu nzima kuliko kupiga bushi kwa presi.

Kosa linalofanyika gereji karibu zote: boliti zinakazwa gari likiwa limening'inia. Bushi inakazwa ikiwa imejisokota, likishushwa chini mpira unaishi umevutwa, baada ya miezi michache unapasuka, mteja anaambiwa spea ni feki. Kaza gari likiwa limekaa kwenye urefu wake wa kawaida, matairi yakiwa chini, kisha nenda ukapige alaimenti siku hiyohiyo.

Breki ya mkono ya umeme nayo uisikilize. Ivute ukiwa umesimama, sauti iwe mguno mfupi. Ikilia kama mlango wenye kutu kwa muda mrefu, viatu vilivyo ndani ya diski za nyuma vimejaa vumbi au havijarekebishwa, mota inavuta zaidi ya nafasi yake mpaka inakwama. Kila diski za nyuma zinapobadilishwa au tope linapoingia, fungua, safisha viatu na rekebisha nafasi. Mota mpya ni ghali. Kuirekebisha ni kazi ya asubuhi moja.

Mengine kwa kifupi: moshi mweusi na kukosa nguvu ni valvu za EGR (zinazorudisha moshi kwenye injini) zilizojaa masizi, ziko mbili, kila upande wa injini moja, au ni mpira wa turbo uliopasuka. Difu (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu) ikiimba kwa sauti inayobadilika na mwendo, beringi zimeanza.

---

Spana_Njiro

Nijibu gharama za mwaka, maana hilo limeachwa.

Chukua mwendo wako. Moshi hadi Arusha kwenda na kurudi ni kama kilomita 160. Mara nane kwa mwezi ni 1,280. Barabara kuu, mguu ukiwa mwepesi, weka kilomita 9 kwa lita: lita 142. Machame na mjini weka kwa mfano kilomita 400 kwa mwezi (mwendo wako ukizidi, ongeza), na hapo usitegemee zaidi ya 6.5 kwa lita: lita 62. Jumla lita 204 kwa mwezi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila mji na bei yake, zidisha mwenyewe. Tangi ni lita 82, kwa hiyo utajaza mara mbili na nusu.

Kwa mwaka ni karibu kilomita 20,000. Hizo ni sevisi nne kwa hesabu yangu, tatu kwa ya Mzee. Filta ya dizeli badilisha kila sevisi ya pili, na maji yaliyotuama chini yake yamwage kila mwezi. Nozeli za injini hii ni za piezo, maji na uchafu ndivyo adui zao wakubwa, na nozeli moja inaweza kuzidi bei ya sevisi zote za mwaka. Jaza kituo chenye wateja wengi, na usijaze lori la mafuta likiwa linashusha.

Matairi: chagua ringi za inchi 18, saizi 255/60. Zile za 19 zinapendeza, lakini ukuta wake ni mfupi, mashimo yanauma ringi. Kwa uzito huu, kilomita 40,000 kwa seti ni nzuri.

Zaidi ya hayo, ukinunua, weka pembeni robo ya bei ya gari kabla hujachukua ufunguo. Kwa milioni 28 ni milioni 7. Hiyo ni ya belti zote na pampu ya oili, oili ya gia na sampu, amu za mbele, puto za nyuma na swichi ya breki. Kama robo hiyo huna, tafuta gari lingine. Hili si gari la kununua kwa senti ya mwisho. Kazi hizo zikiahirishwa zinavutana: uvujaji unaua kompresa, amu inakula matairi, oili chafu inaua giaboksi.

Spea agiza kwa namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17, inayoanza na SALLA, si kwa kusema "ya Discovery 3". Kati ya miaka ya utengenezaji vitu vilibadilika. Na kama inatoka Nairobi kupitia Namanga, omba picha ya namba kwenye spea yenyewe, boksi halithibitishi kitu.

---

Kihamba_Juu

Nimeelewa. Jumamosi naenda na fundi. Nimwambie nini muuzaji kabla hatujafika?

---

Waya_na_Fyuzi

Mwambie asiwashe gari asubuhi hiyo. Ukifika weka kiganja juu ya injini, iwe baridi. Kama ni vuguvugu, kuna kitu hakutaka ukisikie. Washa wewe, madirisha yakiwa wazi, fundi akiwa amesimama karibu na boneti. Mlio wa chuma kugonga unaotoka chini kabisa ya injini sekunde za mwanzo si sawa na mlio wa kawaida wa dizeli, fundi ataujua.

Aje na funguo zote mbili. Ufunguo wa pili ukikosekana, gharama yake iingie kwenye mapatano.

Mwaga kikombe cha maji kwenye kona za mbele za paa linalofunguka, uone kama yanatoka chini ya gari. Yakikaa, mifereji imeziba, na masika yataingia kwenye zulia la mbele na kwenye waya. Inua zulia la abiria, bonyeza sifongo kwa vidole.

Halafu mwambie ashushe tairi la akiba mbele yako. Liko chini ya gari nyuma, linashushwa kwa waya kwa kuzungusha kutoka ndani ya buti. Mara nyingi winchi imeganda kwa tope na hakuna anayejua mpaka siku ya pancha. Likishuka, lipime upepo, na hakikisha soketi ya nati za usalama za matairi ipo ndani ya gari. Nati za kawaida zinafunguliwa kwa spana 22, ila vifuniko vyake vya bati huvimba mpaka spana haiingii. Jaribu zote ishirini palepale.